Dawa Nilizozichoma kwa Mkono Wangu

Sehemu ya sita

Wewe uliyenifuata tangu mwanzo unanijua. Mimi ni Cresensia, muuguzi wa hapa Karatu, niliyeacha kazi ya zahanati nikajiunga na utafiti wa moyo. Kwa anayenikuta leo, nitaeleza kwa kifupi, kwa sababu aibu yenyewe haihitaji maelezo marefu.

Mtoto akiumwa koo mara kwa mara bila kutibiwa, ugonjwa unaweza kushuka moyoni ukaharibu milango yake ya kupitishia damu. Utafiti wetu, uliolipwa na wafadhili wa ng'ambo, ulipita shule za Karatu na maboma ya Ngorongoro ukipima mioyo ya watoto kwa mashine ndogo ya picha. Waliokutwa na tatizo walichomwa sindano ya penisilini kila mwezi ili ugonjwa usiendelee. Mmoja wao alikuwa binti yangu wa kumzaa, Penina.

Mara ya mwisho nilikomea ofisini kwa Daktari Benson, mkuu wetu. Alifunga mlango, akaniambia kwamba utafiti umefaulu.

Nikapiga makofi. Nilidhani ni habari njema.

"Kaa kwanza," akasema. "Wafadhili walitaka kujua kama sindano hii inawasaidia watoto wa huku. Inawasaidia. Swali lao limejibiwa, kwa hiyo wanafunga mradi."

"Na watoto?"

"Watoto wanarudi kwenye huduma za kawaida."

Mimi na yeye tulijua vizuri huduma za kawaida za mtu wa Kakesio, kijiji cha mbali huko Ngorongoro, zilivyo.

"Kuna safari moja imebaki," akaendelea. "Twende tupige picha za mwisho. Ila usiwaambie kwamba tunafunga. Wakijua, nusu yao hawatakuja, na matokeo yetu yatakuwa na mashimo." Kisha akashusha sauti. "Kuna mradi mpya unaanza Arusha, wa kisukari. Nimeshalitaja jina lako."

Nikajibu, "Sawa, daktari."

Naendelea kuanzia kwenye hiyo "sawa" yangu.

* * *

Tuliondoka Karatu asubuhi. Daktari alitangulia na gari lingine, mimi nikapanda na Marseli, dereva wetu, mtu wa Singida aliyekuja huku kuchuma kahawa mashambani akaishia kushika usukani.

Pale lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, tulikaa nyuma ya magari ya watalii. Marseli alizima injini.

"Dada Cresensia," akasema, "hawa watu wa Kakesio wameshaambiwa?"

"Wataambiwa."

"Lini?"

"Marseli, endesha gari."

"Gari limezimwa, dada. Ndiyo maana nauliza."

Magari ya mbele yakasogea, akawasha injini. Tulipanda juu kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili, tukapita Endulen, na hadi tunafika Kakesio hakuongea tena. Yeye ambaye siku zote huimba njia nzima.

Kina mama walikuwa wameshafika na watoto wao, wamekaa kwenye nyasi nje ya jengo la shule tulilozoea kulitumia. Wa kwanza kuja kunipokea alikuwa Naishorua. Wasomaji wa zamani mnamkumbuka: ndiye mama aliyenifundisha Kimaasai kidogo ninachokijua, na mimi nikamfundisha kusoma saa. Binti yake, Sintamei, analingana kwa umri na Penina wangu.

"Nesi wetu!" akaita kwa mbali. "Nimewaambia wote waje. Hata wale wavivu wa ng'ambo ya korongo nimewaleta leo."

Amewaleta wote! Mwanamke yule alikuwa amepita boma kwa boma kunifanyia kazi yangu, wala hakujua anawaita waje kuagwa bila kuambiwa kwaheri.

Sintamei alilala mezani. Daktari Benson akaweka kifaa kifuani pake, akaangalia kioo, akatabasamu kama bwana harusi.

"Cresensia, njoo uone. Unakumbuka damu ilivyokuwa inarudi nyuma hapa? Angalia sasa."

Nikaangalia. Ilikuwa imepungua sana. Hata Naishorua, ambaye hajasoma, alielewa kwa kututazama nyuso zetu. Akafunika mdomo kwa shuka lake, akacheka, akalia, akacheka tena.

"Amepona?" akaniuliza.

"Anaendelea vizuri. Ila sindano asiache. Akiacha, koo likirudi, moyo utaharibika upya."

"Nani ataacha?" akasema Naishorua. "Wewe si upo?"

Nilijifanya naandaa sindano.

Sintamei alipochomwa hakulia. Alishuka mezani akichechemea, akanivuta mkono wa koti.

"Nesi, mwezi ujao unakuja wewe au wanamleta mwingine? Yule mwingine ana mkono mzito."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza hata kunyamaza.

"Nitakuja mimi mwenyewe," nikasema.

* * *

Tulipokuwa tunafunga vifaa, Metui, baba yake Sintamei, alikuja akimvuta mbuzi jike mweupe.

"Unakumbuka nilikuuliza sindano hizi zitachukua muda gani?" akasema. "Ulinijibu mpaka binti awe mtu mzima. Basi nikahamisha boma. Kule tulikokuwa nyasi ni nzuri, lakini ni mbali na hapa. Ndugu zangu walinicheka. Kiangazi hiki nimepoteza ng'ombe, wao hawakupoteza. Leo daktari amesema moyo wa mtoto ni mzuri. Sasa mimi ndiye ninayecheka."

Akanipa kamba ya mbuzi mkononi.

"Mzee, siwezi kupokea. Kazini hawaruhusu."

"Unaukataa mkono wangu?"

Watu walikuwa wanatuangalia. Nikapokea.

"Kuanzia leo usiniite Metui," akasema. "Niite *pakine*, na mimi nikuite hivyo hivyo. Ndivyo wanavyoitana waliopeana mbuzi."

Kina mama wakashangilia. Daktari Benson akanipiga picha na simu yake. Ninayo mpaka leo picha ile. Ninatabasamu.

Njiani Marseli alimtazama mbuzi kwa kioo.

"Wa nani?"

"Amenipa baba Sintamei."

"Kwa kazi gani?"

Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

* * *

Siku chache baadaye tulianza kufunga ofisi. Mashine ya picha iliingizwa kwenye sanduku lake, ikasafirishwa ilikotoka. Friji likachukuliwa. Nikadhani dawa zilizobaki zitapelekwa zahanati, nikaanza kuzipanga vizuri kwenye maboksi na kuandika juu yake majina ya vijiji.

Daktari Benson akaingia, akasoma nilichoandika.

"Hizi haziendi popote," akasema. "Zinachomwa."

"Zinachomwa vipi? Hazijaharibika."

"Zililetwa nchini kwa kibali cha utafiti tu. Utafiti umekwisha, zinateketezwa. Ndiyo masharti."

"Daktari, kule zahanati nilimuuliza mhudumu. Akasema dawa hii anaisikia kwetu tu. Zipeleke hata kwa siri."

"Mtoto mmoja akipata mzio akafa, nani atajibu? Wewe?" Akakaa juu ya boksi. Ndipo nikaona macho yake yalivyokuwa mekundu. "Nimewapigia simu, Cresensia. Nimewaandikia. Nimewaambia hata usafiri nitatoa mimi. Wamesema kugawa dawa si kazi ya utafiti, ni kazi ya huduma za afya. Nimekwenda kwenye huduma za afya, wameniambia tutume maombi tusubiri mgao. Unataka nifanye nini?"

Nikafunga boksi lililokuwa mbele yangu. Na nitakiri jambo: nilifurahi kidogo kwamba hakuwa na njia, maana kama hakukuwa na njia, basi na mimi sikuwa na kosa.

Tanuru la kuchomea taka liko nyuma ya uzio. Daktari alimwagiza Marseli abebe maboksi, mimi nisimamie. Marseli alibeba mpaka mlangoni mwa tanuru, akayaweka chini, akanipa funguo za gari.

"Unakwenda wapi?"

"Niliajiriwa kuendesha gari," akasema. "Kuchoma dawa za watoto hakukuwamo. Mwambie daktari nimeacha."

"Marseli, kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?"

"Zipo za lori." Akatembea, akafungua geti, akaondoka bila kugeuka.

Nilibaki peke yangu na moto.

Niliyaingiza moja baada ya jingine. Vichupa vile vikipata moto hupasuka. Vilipasuka kama bisi kwenye sufuria. Harufu yake ilinikaa kwenye nywele, nikaosha na sabuni ya kufulia, bado ikakaa.

Yalipobaki maboksi mawili nilisimama. Hakuna aliyekuwa ananiona. Nikayatia kwenye mkoba wangu, nikaweka kanga juu.

Nilijiambia naziokoa kwa ajili ya Kakesio. Nitatafuta usafiri, nitazipeleka mwenyewe. Nililiamini wazo hilo njia nzima, hata nikajisikia shujaa. Nikafika nyumbani, nikafungua kabati nizifiche, nikayaona mashuka ya Penina.

Nikapiga hesabu kichwani. Kwa mtoto mmoja, vichupa vile vinafika mbali sana. Kwa watoto wote wa Kakesio, havimalizi hata raundi moja.

Nikaviweka chini ya mashuka, nikafunga kabati.

Na mkumbuke mimi naishi Karatu. Duka la dawa liko karibu na kwangu. Mara dawa hii ipo, mara haipo, lakini duka lipo, na mwenye duka ananijua kwa jina. Mama wa Kakesio hana hata duka la kuambiwa "njoo kesho". Nililijua hilo nikiwa nimeshika ufunguo wa kabati.

* * *

Ilikuwa siku ya mnada, mchana, mji umejaa vumbi na kelele za ng'ombe. Penina alikuwa uani akifua sare za shule. Nikasikia hodi.

Nilipofungua, alikuwa Naishorua. Nyuma yake Sintamei, amejifunga kitambaa shingoni.

Nilikitazama kitambaa kile.

"Takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia. "Siku ya sindano imepita, hukuja. Nikasema labda nesi anaumwa. Nimekuja kukuona."

"Karibuni ndani. Mmekujaje?"

"Marseli siku hizi anaendesha lori la mahindi. Ametupakia."

Niliposikia jina la Marseli nikajua kwamba wameshaambiwa. Niliwawekea chai, sukari ikamwagika mezani. Sintamei alishika kikombe bila kunywa.

"Mbona hunywi, mwanangu?"

"Koo linauma," akasema mama yake. "Limeanza juzi."

Koo! Katika maneno yote, hilo ndilo ambalo sikutaka kulisikia.

Naishorua alisogeza kiti karibu yangu. "Dada, Marseli ametuambia jambo baya. Amesema mradi umekufa, na kwamba ile siku ya mwisho mlijua. Amesema dawa mmezichoma moto, na aliyechoma ni wewe. Mume wangu amekasirika sana. Mimi nikamwambia, Cresensia hawezi. Cresensia alikaa na mimi siku mtoto alipozimia, akanishika mkono mpaka akaamka. Nitakwenda nimsikie kwa mdomo wake."

Alikuwa amesafiri kwenye lori, na mtoto mgonjwa, ili anitetee.

"Ni kweli," nikasema.

"Nini kweli?"

"Mradi umefungwa. Nilijua. Niliambiwa nisiseme."

"Na moto?"

"Ni kweli. Niliagizwa nichome."

Aliweka kikombe chake chini. Nje mtu alikuwa akipiga filimbi kuita ng'ombe wake.

"Zote?" akauliza.

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu lingetosha.

"Zote," nikasema. "Haikubaki hata moja."

"Mama."

Niligeuka. Penina alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mikono ina povu la sabuni.

"Mama, mbona zipo kabatini? Maboksi mawili. Chini ya mashuka yangu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemkumbusha mama yake mahali alipoweka funguo. Kabla sijapata la kusema, alifuta mikono kwenye sketi, akaingia chumbani, akarudi nayo, akayaweka mezani karibu na sukari iliyomwagika.

Naishorua hajui kusoma, lakini maboksi yale aliyajua. Alikuwa ameyaona kila mwezi.

"Hizi ni za nani?" akauliza.

Nilianza kuizoa sukari kwa kiganja.

"Ni zangu," Penina akasema. Kisha akamtazama Sintamei, na kitambaa chake shingoni, akanitazama mimi, na nikaona anaanza kuelewa. "Mama, si uliniambia kila mtoto amepewa zake?"

Nimewahi kufiwa. Nimewahi kuachwa na mume, kama mlivyosoma huko nyuma. Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama saa ile.

Nilingoja Naishorua anipigie kelele. Nilitaka anipigie kelele. Badala yake alimwita Penina, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, kama mtu anayetafuta homa.

"Na huyu pia anaumwa moyo?"

"Ndiyo."

"Hukuniambia." Akamwachia. "Mimi pia ningeficha, dada. Mtoto ni mtoto. Ningeficha hata kwenye mavi ya ng'ombe wasizione. Lakini nisingekuangalia machoni, tunakunywa chai, mtoto wako amefunga shingo, nikakwambia haikubaki hata moja."

Niliruka kwenye kiti, nikaanza kupekua mkoba wangu. "Nimchome Sintamei sasa hivi. Sindano ninazo, maji ya kuchanganyia ninayo. Na kuanzia leo tutagawana, Sintamei na Penina, nusu kwa nusu. Nitakuja mwenyewe Kakesio kila mwezi, nitapanda hata lori. Naapa, mama Sintamei. Nusu kwa nusu."

Nilikuwa naongea haraka haraka, na nafsini nilianza kupata nafuu. Nilikuwa nimeona njia ya kuwa mtu mwema tena, kwa bei ninayoiweza.

Naishorua aliyatazama maboksi pale mezani.

"Watoto wawili," akasema.

"Ndiyo. Wako na wangu."

Akainuka, akajifunga shuka vizuri.

"Sikuja peke yangu, dada. Ulipotuambia kila mtoto aletwe, mimi ndiye niliyepita kuwaita. Mtoto hakuletwa na mama yake, aliletwa na maneno yangu. Kwa hiyo nilipowaambia nakuja Karatu kumsikia Cresensia, walisema twende wote. Nikawaambia wangoje nje ya uzio, wasikuogopeshe."

Sikuelewa. Au nilielewa, nikajifanya sijaelewa.

"Chukua dawa zako," akasema. "Toka uwaambie mwenyewe. Wote walikusikia ukisema sindano mpaka mtoto awe mtu mzima. Watakusikia na leo."

"Mama, nije na wewe?" Penina akauliza.

"Baki ndani," nikasema.

Akanifuata.

Nilibeba maboksi, moja kila mkono. Naishorua akatangulia, akafungua geti.

Walikuwa wamejaa kando ya uzio wangu mpaka kwa jirani. Kina mama waliokuwa wamekaa chini wakasimama. Namunyak, mmoja wa kina mama wa sindano, na pacha wake. Wale wa ng'ambo ya korongo. Wengine walikuwa wamelala juu ya magunia ya mahindi, Marseli akiwa ameegemea tairi la lori lake, haniangalii. Mtoto mmoja aliyaona maboksi mikononi mwangu, akamwambia mwenzake, na habari ikapita kwenye kundi lote kama upepo kwenye ngano.

"Zipo!" mama mmoja akapaza sauti. "Walitudanganya. Zipo!"

Wakacheka kwa furaha. Watoto wakaja mbio, na walipofika mbele yangu wakatulia, wakainamisha vichwa, kama mtoto wa Kimaasai anavyomwinamia mtu mzima ili aguswe utosini. Vichwa vimenyolewa, vimejaa vumbi la njia, vinangoja mkono wangu. Na mikono yangu yote miwili ilikuwa imejaa.

Penina alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia anavyohema.

Metui akapenya kati ya kina mama, akasimama mbele yangu na fimbo yake. Hakunisalimia. Aliyatazama maboksi, akawatazama watoto walioinama, mpaka wa mwisho kabisa, yule aliyebebwa mgongoni na dada yake. Mtu huyu anajua kukadiria kundi kwa macho tu.

"Nesi," akasema taratibu, watu wote wakanyamaza. "Unaanza na nani?"